Nimemfunga shosho vidonda miaka miwili. Je, hiyo inatosha kuwa nesi?

Washauri wapendwa,

Niko kidato cha nne katika shule moja ya kutwa hapa Eastlands, Nairobi. Naishi Kayole na shosho, yaani nyanya yangu, pamoja na dadangu mdogo aliye gredi ya sita. Shosho ana sukari tangu nikiwa mtoto. Mwaka juzi alikanyaga msumari na hakuusikia. Tulijua siku soksi ilipoanza kunuka. Tulipomfikisha hospitalini, kidole kilikuwa cheusi tayari. Tulingoja siku nne bila kuambiwa lolote la maana, na mwishowe mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti.

Kwenye ile wodi kulikuwa na nesi mmoja mwanamume, mtu mnene wa sauti ndogo. Alinionyesha jinsi ya kuosha kidonda, kufunga bandeji bila kukaza na kuvuta insulini hadi kwenye alama. Tangu hapo mimi ndiye nesi wa nyumba. Namdunga asubuhi kabla ya shule na jioni kabla ya chakula. Sasa umetokea mchubuko kwenye kisigino cha mguu wa kushoto, mdogo kama sarafu ya shilingi kumi. Una wiki tatu na haufungi. Nauosha kwa spiriti kila asubuhi.

Nataka kusomea unesi, na sababu ni hiyo tu: niliona mtu mmoja akifanya kazi yake vizuri siku ambayo kila kitu kingine kilikuwa kibaya. Lakini kila mtu ana lake. Mwalimu wangu anasema niandike hadithi ya shosho kwenye maombi ya chuo, watanihurumia wanichukue. Mjomba, ambaye ndiye anayenilipia karo, anasema hiyo ni kazi ya wanawake, tena manesi wamejaa mtaani na vyeti vyao. Anataka nifanye kozi ya umeme ya miezi sita. Jirani anasema kuna chuo mjini kinachukua hata D+ kwa kozi ya kutunza wagonjwa, na ukimaliza unakuwa nesi.

Matokeo yangu ya moku, ule mtihani wa majaribio, ni haya: Hisabati D, Kiingereza C, Kiswahili B-, Biolojia C+, Kemia D+, Jiografia C, CRE (dini ya Kikristo) B-, Biashara C-. Imebaki miezi mitatu hivi. Je, nina nafasi? Na kuna jambo lingine ninaogopa kuwauliza watu wa nyumbani: je, nikiingia wodini nikutane na mtu anayekatwa mguu, nitaweza?

Mjukuu wa Shosho, Kayole

*

Mjukuu wa Shosho,

Umeuliza habari za chuo, lakini sisi tunaanza na kisigino. Mchubuko wa wiki tatu kwenye mguu pekee uliobaki wa mtu mwenye sukari hausubiri mtihani wako wa mwisho, KCSE. Mpeleke kliniki ya sukari au kituo cha afya kesho asubuhi, ukose somo la kwanza ikibidi. Ukiona wekundu unaosambaa, sehemu nyeusi, usaha au harufu, au shosho akipata homa na kutetemeka, hiyo ni safari ya siku hiyo hiyo hata kama ni saa sita usiku. Ukifika usiseme tu kwamba ana kidonda. Sema: ana sukari, mguu mmoja umekatwa, kidonda kina wiki tatu. Maneno hayo matatu hubadilisha nafasi ya mgonjwa kwenye foleni.

Spiriti iache leo. Inaua viini, ni kweli, lakini inaua pia ile nyama changa nyekundu inayojaribu kujaza shimo, na kwa kuwa shosho hasikii vizuri miguuni, hatakwambia kwamba inachoma. Hidrojeni peroksaidi ni vivyo hivyo. Tumia maji ya chumvi ya hospitali, yale ya chupa ya mililita 500 yaliyoandikwa 0.9%, yanauzwa kwenye maduka ya dawa. Mimina yapite juu ya kidonda, usiloweke mguu kwenye beseni. Kausha katikati ya vidole, weka gozi safi, kile kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda, funga bila kukaza. Gozi iliyotumika haifuliwi ikarudishwa.

Halafu kuna swali ambalo huenda hakuna aliyekuuliza: shosho anatembeaje? Kama anaruka kwa mguu mmoja kutoka kitandani hadi chooni, basi uzito wote wa mwili unatua juu ya kile kisigino mara nyingi kwa siku. Hapo hata dawa ya bei gani haitasaidia. Kliniki waulize habari ya kiti cha magurudumu au fremu ya kutembelea, na usiku umwekee mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kining'inie hewani bila kugusa godoro. Hakikisha pia amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kadi ya zamani pekee haitamsaidia kitu.

Sasa chuo.

Mwalimu wako ana nia njema lakini kwa KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, amekosea. Nafasi za KMTC siku hizi zinaombwa kupitia KUCCPS, mfumo wa serikali wa kugawa nafasi za vyuo, na mfumo ule hauna mahali pa kuandika hadithi. Unasoma alama zako, unalinganisha na vigezo vya kozi, basi. Machungu ya miaka miwili hayaongezi hata pointi moja. Tunakwambia hivi mapema kwa sababu wanafunzi wenye sababu nzito kama yako ndio wanaoongoza kwa kuamini kwamba nia itaziba pengo la alama, wakafika Januari wakiwa na barua nzuri na Kemia ya D.

Vigezo vya diploma ya uuguzi ni hivi: wastani wa C, kisha C katika Kiingereza au Kiswahili, C katika Biolojia, na C- katika somo moja kati ya Kemia, Fizikia na Hisabati. Chukua karatasi tupige hesabu yako. Tangu KCSE ya 2023, wastani unapigwa kwa masomo saba: Hisabati ni lazima, halafu lugha moja uliyofanya vizuri zaidi, halafu mengine matano bora. Kila gredi ina pointi zake, kuanzia 1 kwa E hadi 12 kwa A. Kwako ni Hisabati 3, Kiswahili 8, CRE 8, Biolojia 7, Kiingereza 6, Jiografia 6, Biashara 5. Jumla ni 43 kati ya 84. C inaanzia 39 hadi 45. Kwa hiyo wastani unao, lugha unayo, Biolojia unayo hata na akiba. Unachokosa ni kimoja tu, ile C- ya Kemia au Hisabati.

Angalia tena hiyo hesabu, utaona kitu. Kemia yako haimo kabisa ndani ya yale masomo saba. Ikipanda kutoka D+ hadi C- inakufungulia mlango wa diploma ingawa wastani hautikisiki sana. Hisabati nayo inahesabiwa upende usipende; ikitoka D kufika C-, inafungua mlango ule ule na kuongeza pointi mbili, unafika 45, na Biashara ikipanda hatua moja tu una 46, ambayo ni C+. Inavutia, sivyo? Lakini Hisabati inadai hatua mbili na Kemia inadai moja. Sisi tungeifanya Kemia kuwa ufunguo wa uhakika na Hisabati kuwa bahati ya pili. Digrii inataka C+ katika Biolojia, Kemia, lugha, na Hisabati au Fizikia. Usiikimbize sasa. Diploma ni miaka mitatu, na mwenye diploma aliyesajiliwa anaweza kujiendeleza hadi digrii baadaye akiwa kazini.

Kemia inapandaje kwa miezi mitatu? Kwa karatasi ya tatu. Karatasi ya kwanza na ya pili zina alama 80 kila moja, ile ya maabara ina 40, yaani sehemu moja kwa tano ya somo zima, na alama zake nyingi hupewa anayefuata utaratibu hata kama nadharia inampiga chenga. Jedwali la titresheni, lile jaribio la kupima kimiminika kwa bureti, pekee kwa kawaida hubeba alama tano: moja kwa kulijaza lote, moja kwa desimali, moja kwa usahihi ukilinganishwa na thamani ya mwalimu, moja kwa kuchagua vizuri namba za kupatia wastani, na moja kwa jibu la mwisho. Wanafunzi hupoteza ya desimali kwa kuandika 24.5 mstari wa kwanza na 24.30 mstari wa pili. Chagua desimali moja au mbili, ukae nazo mpaka chini. Ya wastani huipoteza kwa kujumlisha hata namba iliyo mbali. Chukua zile zinazokaribiana ndani ya 0.2 tu, na uonyeshe hesabu. Soma bureti macho yakiwa sawa na mkunjo wa chini wa maji, na uondoe ile faneli juu ya bureti kabla ya kusoma, maana tone moja linalodondoka baadaye linakuharibia jibu.

Kwenye swali la kutambua chumvi, kosa kubwa ni kuandika nusu ya jibu. Si mashapo meupe peke yake. Sema pia kama yanayeyuka ukizidisha. Zinki, aluminiamu na risasi zote hutoa mashapo meupe kwa sodiamu haidroksaidi, na yote huyeyuka ikizidishwa. Amonia ndiyo inayowatenganisha: ya zinki huyeyuka, ya aluminiamu na risasi hukataa. Risasi nayo hujitoa kwa mashapo ya manjano ukitia iodaidi. Mistari hiyo mitatu iandike ukutani pale unapomfungia shosho kidonda.

Na hapa ndipo shida yako ya nyumbani inaweza kukufaa kuliko barua yoyote, kwa sababu mtaala wako umelala pale kitandani. Ile chupa ya 0.9% ina gramu 9 za chumvi kwa lita. Moli moja ya chumvi ni gramu 58.5, kwa hiyo 9 gawanya kwa 58.5 ni karibu moli 0.154 kwa lita. Umeshafanya swali la moli la kidato cha tatu. Kwa nini 0.9 na si maji matupu? Kwa sababu maji matupu huingia ndani ya seli kwa osmosisi na kuzivimbisha. Hilo ni la kidato cha kwanza. Insulini, ini na sukari ya damu ni mada ya homeostasisi ya kidato cha pili. Sindano ya insulini ina yuniti 100 kwa mililita, basi yuniti 24 ni mililita 0.24. Kwa Hisabati, jaribu hii: dripu ya mililita 1,000 inatakiwa iishe kwa saa 8, seti inatoa matone 20 kwa mililita. Ni matone mangapi kwa dakika? 1,000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, yaani karibu matone 42. Swali la aina hiyo utaliona mwaka wa kwanza wa uuguzi, na kule kukosea si kupoteza alama mbili.

Weka daftari pia. Kila siku andika tarehe, saa, kipimo cha sukari, yuniti ulizomdunga na mahali ulipodunga, na mara moja kwa wiki upime kidonda urefu na upana kwa milimita. Kliniki watalihitaji, na baadaye utaona lina kazi nyingine. Sukari ikishuka chini ya 4 (mmol/L) kwenye mashine, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kama anaweza kumeza, ngoja dakika 15, pima tena. Kama hajitambui, usimtilie chochote mdomoni, mkimbize hospitalini. Insulini ya mawingu usiitikise kama chupa ya soda, iviringishe viganjani.

Jirani. Huyo umwepuke, au tuseme uepuke chuo chake mpaka uhakikishe jambo moja. Kozi za kutunza wagonjwa za miezi mitatu au sita zina kazi yake, na wapo wanaoajiriwa majumbani, lakini hazikufanyi nesi. Nesi kwa sheria ya Kenya, Sura ya 257, ni aliyesajiliwa na Baraza la Wauguzi. Ili usajiliwe lazima usome chuo kilichoidhinishwa na baraza hilo, chuo kikuandikishe kwake mwanzoni mwa masomo upewe namba ya indeksi, kisha ufanye mtihani wa leseni. Bila indeksi hakuna mtihani, na bila mtihani ile gauni ya kuhitimu ni ya kupigia picha tu. Orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa iko kwenye tovuti ya baraza. Ukiitazama, angalia mambo mawili: jina la chuo, na jina la kozi, maana chuo kinaweza kuwa na kibali cha kozi moja na kutangaza tano. Na mtu akikwambia ana nafasi ya KMTC mkononi ukimpa pesa kidogo za kuandaa faili, jua nafasi zile hazikai mfukoni mwa mtu.

Hadithi ya shosho ina mahali pake, usiitupe. Kuna mahali pawili. Pa kwanza ni mahojiano, kwa sababu vyuo vya binafsi na vya misheni huwaita waombaji na kuwauliza kwa nini wanataka unesi. Hapo wengi huharibu kwa kusimulia uchungu wote tangu msumari hadi theta, chumba cha upasuaji, mpaka anayehoji anashindwa ashike kalamu au leso. Dakika moja inakutosha. Sema kitu kama hiki: "Nimemtunza nyanya yangu mwenye sukari baada ya kukatwa mguu. Nesi wa wodi alinifundisha kumdunga na kumfunga kidonda. Nilikuwa naosha kwa spiriti, nikasahihishwa, nikaelewa kwa nini. Hili ni daftari langu." Lile kosa la spiriti ndilo lenye uzito kuliko yote hapo, kwa sababu linaonyesha mtu anayeweza kusahihishwa, na wodi haiwezi kukaa na asiyesahihishika.

Mahali pa pili ni pesa. Fomu za basari za NG-CDF (hazina ya eneo bunge) na za kaunti, pamoja na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ambao wanafunzi wa KMTC nao huomba, zinauliza hali ya nyumbani. Huko hadithi bila karatasi haina nguvu. Tafuta sasa nakala ya barua ya shosho ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, kadi yake ya kliniki, barua ya chifu, cheti chako cha kuzaliwa, na vyeti vya vifo vya wazazi kama wewe ni yatima. Ukitimiza miaka 18 shughulikia kitambulisho siku hiyo hiyo, kisha PIN ya KRA, mamlaka ya kodi. HELB inadai vyote viwili na wadhamini juu yake. Kuna mwanafunzi hupata barua ya chuo na kukosa mkopo kwa sababu kitambulisho bado kinatengenezwa.

Tuje kwa mjomba, na tafadhali usimjibu kwa hasira, maana nusu ya maneno yake ni kweli. Tangu 2013 afya iko chini ya kaunti, na kaunti huajiri zinapokuwa na bajeti. Wapo wenye leseni wanaongoja, wapo wa mikataba ya muda. Mgomo wa manesi wa 2017 ulianza Juni ukaenda karibu miezi mitano. Mwambie unayajua hayo. Kisha mwonyeshe upande wa pili: hospitali za binafsi na za misheni huajiri pia, na baada ya kazi kidogo kuna diploma ya juu ya uuguzi wa figo, wa wagonjwa mahututi au wa theta, ambako watu ni wachache. Kwenda nje kupo, Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021, ila hiyo ni safari yenye mitihani yake na haifai kuwa sababu ya kuanza. Mpe mjomba pia makubaliano: ukikosa C- umeme utaufanya bila kununa. Kozi ya umeme si adhabu. Na mlango wa kurudia KCSE bado haujafungwa, kwa kuwa darasa la mwisho la mfumo wa elimu wa 8-4-4 lililoingia kidato cha kwanza 2024 linafanya mtihani 2027.

Kuhusu kazi ya wanawake, nesi aliyekufundisha umeshamtaja mwenyewe. Jambo ambalo mjomba hajui, na pengine hata wewe, ni kwamba diploma hii ina ukunga ndani yake. Utakwenda leba, utazalisha, na kuna mama atakayekukataa kwa kuwa wewe ni mwanamume. Unamheshimu, unamwita mwenzako, unaendelea na kazi. Kama wazo hilo linakusumbua, lifikirie sasa.

Swali lako la mwisho ndilo lililotufanya tuichague barua yako. Utakutana na mguu ukikatwa, hilo hakika, wodi za upasuaji hazikosi. Wanafunzi waliotokea kwenye shida kama yako huteleza kwa njia zinazojulikana. Wengine huganda: wanasimama na trei mkononi, masikio hayasikii. Wengine hugeuza kila bibi kuwa shosho wao, wakampa namba ya simu, wakamnunulia dawa kwa nauli yao, na wiki ya pili hawana nauli wala nguvu. Wengine huja na kesi. Wanaona nesi amechelewa kubadilisha bandeji, na siku zile nne za hospitali zinatoka zote kinywani, kwa nesi asiyehusika ambaye huenda yuko peke yake zamu nzima na wagonjwa wengi kupita kiasi. Na wapo wanaoshikilia mazoea ya nyumbani. Hili la mwisho huchukua muda mrefu kurekebisha kuliko machozi. Mikono yako imezoea kugusa gozi kwa vidole. Chuoni utafundishwa koleo, glavu, upande safi na upande mchafu, na utadhani wanakupotezea muda.

La kufanya ni dogo. Ukipangiwa wodi ya upasuaji, mtafute mkufunzi wa kliniki siku ya kwanza, kabla ya ripoti ya asubuhi, umwambie: nyanya yangu alikatwa mguu, naomba mara ya kwanza nisimame pembeni. Hiyo si aibu, na wakufunzi wanapendelea kuambiwa kabla kuliko kukuokota sakafuni. Ukihisi masikio yanavuma, weka trei chini, kaa, kichwa kati ya magoti. Hasira ya zile siku nne itafutie mtu wa kuisikiliza kabla hujavaa sare, mshauri wa shule yako au kiongozi wa dini unayemwamini. Tunasema kabla kwa sababu wodini hutapata nafasi. Na chanjo ya homa ya ini aina ya B uianze ukipata barua ya chuo: dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita, usije ukachomwa na sindano ya mgonjwa ukiwa na moja tu mwilini.

Limebaki jambo ambalo barua yako haikulitaja hata mara moja. KMTC ina matawi zaidi ya 70, na unaweza kupewa la mbali, Lodwar au Kapenguria. Nani atamdunga shosho? Dadako wa gredi ya sita asibebeshwe mzigo ulioubeba wewe. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, wale walioanza kuzunguka na mikoba ya vifaa tangu mwishoni mwa 2023, ana mashine ya kupima sukari na ya presha. Mjue kwa jina, aiweke nyumba yenu kwenye mzunguko wake. Lakini sindano mbili za kila siku zinahitaji mtu mzima wa kudumu. Kama mke wa mjomba yuko karibu, anza naye Jumamosi hii. Akutazame mara tatu ukivuta dawa na kudunga, halafu avute yeye wewe ukitazama, mpaka asikosee mara tatu mfululizo. Mwonyeshe kuhamisha mahali pa kudunga, leo kulia kwa kitovu, kesho kushoto, vidole viwili mbali na kitovu chenyewe, kwa sababu akidunga pale pale kila siku nyama inakuwa ngumu na dawa haiingii sawasawa. Na daftari ajifunze kulijaza yeye, kwa kalamu yake.